Mawe Yanayowakimbia Wasichana

Katika shule ya watoto wadogo ninapofundisha, huku Ruashi, kuna mgodi. Sisemi ule mkubwa wenye uzio na walinzi, ambao vumbi lake tunalifuta mezani kila asubuhi. Nasema wetu wa uani, nyuma ya vyoo, uliochimbwa kwa vijiko, vifuniko vya sufuria na makopo ya nyanya. Ukisimama ndani yake, ardhi inakufika magotini. Una msimamizi, mvulana wa miaka mitano anayevaa kichwani taa ya mjomba wake isiyo na betri, na wenzake wote humwita Shefu. Una pia sheria, nayo ni moja tu: msichana haingii shimoni. Akiingia, mawe yatakimbia.

Watoto hawakuitunga sheria hiyo. Wameikuta kwa baba zao, na baba zao wameikuta kwa wachimbaji waliowatangulia. Huku kwetu mwanamke akikaribia shimo, madini yanazama, yanahama, yanawaachia wanaume udongo mtupu. Jiwe lisilo na macho linamtambuaje mwanamke? Sijapata mtu wa kunieleza. Ninachojua ni kwamba likishatolewa juu linapona woga huo papo hapo. Linakubali kupondwa na wanawake, kuoshwa na wanawake, kubebwa kichwani na wanawake, na pesa zake zikifika mjini zinawavumilia wanawake wengi kuliko inavyolazimu.

Uani kwetu mambo yalikuwa yamepangwa vivyo hivyo. Wavulana walichimba. Wasichana walikaa pembeni na beseni bovu, wakiosha vipande vya matofali vilivyotolewa shimoni, na mmoja wao aliwasongea wafanyakazi bukari, ndio ugali wetu, la mchanga. Wavulana walilila huku wakilalamika kwamba limepoa.

Binti yangu, ambaye naye alikuwa na miaka mitano na alisoma darasani mwangu, hakutaka beseni. Alitaka kuchimba. Nyumbani alikuwa ameshachimba chini ya kamba ya nguo hadi nguzo ikalala na mashuka yote. Baba yake hakumkemea. Mume wangu ni mchimbaji, mtu mpole, haachi misa ya Jumapili, hufanya ishara ya msalaba kabla ya kushuka shimoni, na hajawahi kuniruhusu niguse tindo lake. Kila mkubwa anapewa heshima yake, Mungu na mawe. Binti tulimpa jina la marehemu mama mkwe wangu, kwa hiyo baba yake humwita Mama na hawezi kumnyima kitu. Alinyoosha nguzo, akacheka, akaenda zake.

Basi tukiwa hivyo, utafiti ukatujia ndani ya gari jeupe. Alishuka bibi mmoja wa mjini, mwenye sauti laini na viatu visivyofaa kwa vumbi letu, pamoja na msaidizi kijana, msichana wa chuo. Walitaka kujua watoto wadogo wanavyochagua michezo, na kama wasichana na wavulana wanatofautiana. Nilifurahi kweli. Niliwachemshia chai. Bibi aliniambia wamekuja bila wazo lolote kichwani, wamekuja kutazama tu. Kisha akafungua maboksi mawili. Moja lilikuwa na wanasesere na visahani, la pili malori na mipira. La wanasesere lilifungwa kwa utepe wa rangi ya waridi, ili msaidizi asichanganye.

Watoto walichanganya kwa niaba yake. Chai haijapoa, malori yalikuwa yanabeba matofali, na mwanasesere mkubwa mwenye nywele za manjano alikuwa amekalishwa juu ya kopo kando ya shimo. Walikuwa wamemfanya mnunuzi wa madini. Shefu mwenyewe alimsemea kwa sauti nene:

"Hii iko nyepesi. Leta ingine."

Msaidizi alishika kalamu na fomu yake, ile wanayoiita fishi, akahangaika. Mvulana, mwanasesere, mapenzi makubwa kati yao. Aandike nini? Mwishowe aliandika kwamba mtoto anacheza na lori, kwa kuwa lilikuwa karibu. Kwa wasichana hakupata taabu. Aliona beseni, akaona maji, akaandika wanaosha vyombo.

"Madame, ile haina masahani," nilimwambia bibi. "Banaosha mawe."

"Ku fishi yetu haiko fasi ya mawe," alijibu kwa upole. "Tutatia mu kazi ya nyumba. Maji iko maji."

Binti yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia, akitazama vijiko vya wenzake kama mtu aliyefunga anavyotazama nyama ya mwenzie. Bibi alimchuchumalia.

"Mutoto, weye unapenda kucheza nini?"

"Napenda kuingia mu shimo."

"Na juu ya nini hauingie?"

"Bale banakatala. Banasema mawe itakimbia."

Bibi alimpapasa kichwa, akainuka, akanijia na uso uliojaa elimu. Alisema inavutia sana. Katika umri huu msichana tayari anajitenga na mchezo wa hatari. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyemfunga, amechagua mwenyewe kukaa pembeni.

Mtoto amesema kwa kinywa chake kwamba anakataliwa, na mtu mzima mwenye digrii amesimama pale, masikio mazima, anasema amechagua. Nilimkamata binti yangu kwapani, nikamtia shimoni.

Wavulana waliruka nje kana kwamba nimemwaga maji ya moto. Yeye hata hakuwaona. Aliokota kijiko akaanza kuchimba, ulimi nje, magoti ardhini, na sijui kama nimewahi kumwona na furaha kama ile. Muda si muda akaibuka na jiwe. Halikuwa tofali. Lilikuwa jiwe la kweli lenye michirizi ya kijani, kama yanavyopatikana katika udongo wetu mtu akichimba hata choo. Nililiinua juu wote walione.

"Munaona? Mawe imekimbia?"

Shefu alilichukua. Aliligeuza, akalimulika kwa taa yake isiyowaka, akanirudishia kwa heshima zote.

"Ile ilikuwa ya mwisho, Madame. Ingine yote imekimbia."

Wengine waliitikia kwa vichwa, kwa huzuni, kama wanaume waliopoteza mali. Walikusanya vijiko, makopo na mnunuzi wao mwenye nywele za manjano, wakaenda kufungua shimo jipya karibu na ukuta. Wasichana walibeba beseni wakawafuata, maana kazi ilikuwa imehamia huko. Binti yangu akabaki na mgodi mzima peke yake. Alichimba kidogo, akasimama, akawatazama, akachimba tena. Nilipompitia msaidizi nilichungulia alichoandika. Aliandika kwamba mtoto huyu anapenda kucheza peke yake.

Wavulana walipeleka habari nyumbani kama wanavyopeleka mafua. Na shimo la mume wangu, la wakubwa, lilikuwa limeanza kupungukiwa mawe tangu mvua zilipokatika. Wiki ile lilitoa udongo mtupu. Wanaume anaochimba nao wana watoto darasani mwangu. Wanaume hao waliona mawe yakipungua wiki baada ya wiki wala hawakujiuliza chochote, lakini habari za msichana na kijiko walizielewa mara moja.

Mume wangu alirudi jioni, jua likiwa bado ukutani, akakaa kwenye kigoda kuosha miguu.

"Mama wa mutoto, banaume baliniuliza swali leo. Banasema mutoto wetu aliingia mu shimo."

"Shimo ya batoto, nyuma ya vyoo," nilisema. "Mulikuwa munatafuta mawe kule?"

Alikaribia kucheka. Niliona mdomo ukianza. Lakini binti alikuwa amesimama mlangoni, na ndiye aliyesema.

"Papa, ni miye nilifukuza mawe?"

Jibu lilikuwa neno moja na mume wangu analijua. Alitazama miguu yake. Alimimina maji, akasugua kisigino, akasugua kile kingine. Mtoto alimtazama muda wote huo bila kupepesa.

"Hapana, Mama," alisema mwishowe. "Haina weye."

Alikuwa amechelewa. Nilimchukia jioni ile, nasema wazi, na nikamsongea bukari nikiwa namchukia. Alikula akiwa ameinamisha kichwa. Nilimwuliza anaamini nini hasa, akasema haamini, ila watu wanaongea, na mtu akishuka chini ya ardhi hapendi kushuka na maneno ya watu.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya utafiti. Wavulana walikuwa ndani ya shimo lao jipya. Binti yangu alilipita lile la zamani, lake, bila kulitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni, akasogezewa nafasi, akachukua kipande cha tofali, akaanza kukiosha. Msaidizi alitoa simu akampiga picha. Bibi alinishika mkono, amefurahi kwa dhati. Aliniambia ndivyo inavyokuwa, mtoto akipewa muda na vitu vya kuchezea, mwenyewe anaonyesha anachopenda. Aliyekuwa anajitenga sasa amejiunga na wenzake. Niliitazama fishi yake, bado haikuwa na fasi ya mawe.

Nilikwenda nikachuchumaa kando ya beseni.

"Kuya," nilimnong'oneza binti yangu. "Tuende ku shimo yako. Leo tutachimba siye babili. Miye nitawafukuza bale bote."

Hakuacha kuosha. Aligeuza tofali upande wa pili, akalisugua kwa kidole gumba kwa uangalifu.

"Hapana, Mama," alisema. "Acha kwanza Papa apate."