Shahada ya Saikolojia na Bukari ya Baba Ngoy

Ipo Jumapili moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana uliponiuliza mtu aliyesoma saikolojia hapa Lubumbashi atapata kazi gani, ilinirudia yote. Ndiyo maana nilicheka, nawe ukanuna. Sikukucheka wewe.

Nchi bado ilikuwa inaitwa Zaire. Jakaranda zilikuwa zimechanua, na bomba kubwa la kiwanda cha shaba lilikuwa limeacha kutoa moshi. Moshi ule ulituwasha macho tangu utotoni, tukaulalamikia kila siku, na ulipokatika tukaukumbuka kama ndugu aliyesafiri. Ee, ujana! Tulidhani kampani ya shaba ni kama mvua, kwamba kila mwaka itakuja tu.

Nilikuwa msichana niliyetoka kumaliza shahada ya saikolojia ya kazi. Enzi zile kampani ilikuwa na watu wa kuwapima vijana kabla ya kuwaajiri: huyu ana mikono mitulivu, apelekwe kwenye mashine, yule ana subira, akae stoo. Nilifanya mazoezi pale nikiwa nimevaa koti jeupe, na jinsi nilivyoringa nalo sokoni, wacha tu. Kisha wakaacha kuajiri, wakaanza kuachisha. Maduka ya mjini yaliporwa, mishahara ikapotea, na mimi nilikuwa nimejifunza kuchagua wafanyakazi mahali ambapo hachaguliwi mtu. Mjomba wangu, mfanyabiashara wa samaki wakavu kule Pweto, akaniambia lori lake linaondoka Jumatatu, nipande nikauze naye na vitabu nivisahau. Nikakubali. Niliumia, nisikufiche, nilikunja nguo zangu huku nalia.

Baba yangu, mstaafu wa reli, alikuwa mtu wa utani mwingi, lakini akikasirika alisema polepole. Jumapili hiyo alinikuta nalia mbele ya sanduku langu katika nyumba yetu ya mtaa uitwao Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Akauliza polepole:

"Weye, ulisomaka bantu ao ulisomaka kampani?"

"Bantu, papa," nilijibu. Nilisomea watu.

"Kampani njo iliisha. Bantu nabo baliisha?"

Akanionyesha kwa kidevu nyumba ya jirani. "Baba Ngoy hakule. Bibi yake iko analia. Enda kule kwanza, kisha utapanda lori ya mujomba yako."

Baba Ngoy alikuwa dereva wa treni ndogo ya kiwandani, mtu mkubwa mwenye sauti ya kusikika hadi barabara ya pili. Tangu aachishwe kazi alijifungia chumbani, akinywa chai tupu, akikonda. Mtaani walisema amerogwa. Mkewe alikuwa ameanza kuuza mandazi, na sasa ni yeye aliyeleta unga nyumbani.

Niliketi naye. Sikumuuliza habari za ugonjwa. Nilimuuliza treni yake ilipandaje mlima ikiwa imejaa mawe. Akanieleza kwa mikono yote miwili, mpaka uso wake ukachangamka. Halafu akaishusha mikono. Akasema:

"Mama, posho ni miye nilikuwa naletaka. Sasa bukari iko ya bibi yangu. Nitaikula na uso gani?"

Posho, mwanangu, ni yale magunia ya unga wa bukari, ugali wetu, ambayo kampani iliwapa wafanyakazi wake kila mwezi. Mzee yule hakuwa na kichaa wala hakurogwa. Alikuwa na aibu, na aibu ile ilikuwa inamuua.

Nilijua hakuna maneno ya kitabu yatakayomketisha mezani pake. Lakini sisi tuna desturi zetu: mtu akienda kwa mwenzake hakatai bukari, maana kukataa ni kumtukana mwenye nyumba. Na mwenye nyumba naye hamwachi mgeni ale peke yake. Nikamuuliza nani mwingine kati ya wenzake amejificha. Akamtaja Baba Monga, fundi wa kuchomea vyuma, barabara ya nyuma. Nikamwambia, "Nisindikize, baba. Miye sijue kuongea na bantu ba vyuma." Akavaa viatu.

Baba Monga naye alikuwa amekonda. Walisalimiana, wakaketi. Mama Monga, bila kuambiwa na mtu, akaleta bukari, sombe la majani ya muhogo na samaki wachache. Baba Ngoy akaitazama sahani, akatazama mlango. Baba Monga alimwona mgeni wake anasita. Akatangulia kunawa mikono. Wakala wote wawili. Mama Monga alienda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha, nami nikalia naye.

Lori la Pweto liliondoka bila mimi. Jumapili iliyofuata Baba Monga akarudisha ziara, na Baba Ngoy, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, akala na mgeni wake bukari ya mkewe, mezani pake mwenyewe.

Wanaume wengine wakaanza kutembeleana vivyo hivyo, na paroko akatupa chumba cha kukutania. Huko ndiko kazi yangu ilikoanzia. Baadaye nilielekeza wanafunzi shuleni, nikakaa na wagonjwa hospitalini, na miaka mingi nikawa na watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi. Siku hizi migodi ina wenyewe wapya, wanatafuta tena watu wa kupima wafanyakazi. Nenda ukitaka, si dhambi. Koti jeupe litakupendeza. Ila usiende kuomba ruhusa ya kuwa mwanasaikolojia. Tazama kwanza nani hapo jirani ameacha kula, nani haongei, mtoto gani analala sokoni. Kazi yako iko hapo hata kabla ya mtu kukuajiri, na mshahara utautafuta ukiwa tayari kazini.

Mungu akupe masikio ya kusubiri, mwanangu. Akupe mlango utakaofunguliwa kila ubishapo hodi, na kila nyumba utakayoingia, uwaache watu wake wameketi mezani pamoja.