Asparaga za Praxeda

Praxeda, mke wa Castory, alizaliwa kambi ya mkonge, akakua akijua kuna mmea unaosubiriwa miaka. Sisi wa Tongoni tulimcheka. Nani anapanda mboga ya kula mwaka wa tatu? Mbegu za asparaga, mboga ya wageni, alizipata hotelini alikokuwa akipika. Akaziotesha uani, akazibebea samadi kichwani. Mashina yakapanda mpaka kifuani, majani membamba kama magugu tu. Kinacholiwa ni vichipukizi vinapotokeza ardhini, tena mizizi ikishanenepa. Mwaka huu ndio angevuna.

Ndipo Castory akafa.

Msibani majirani hatungoji kuombwa. Wanawake tuliingia jikoni, wanaume wakashika majembe wasafishe mahali pa turubai, maana mwili ulikuwa njiani kutoka hospitali. Baadaye nikaenda kukaa na Praxeda mkekani. Mjane hainuki, wala hasemi habari za kazi. Tukasikia jembe nyuma ya nyumba.

"Bi Khadija," aliniambia, amenishika mkono mpaka unauma, "wanalima wapi?"

"Uani," nikamjibu.

Akainuka. Kina mama wakaguna. Nilipomfikia huko nje, shemeji yake Zabron alikuwa ameshang'oa mashina kadhaa, mizizi iko juani.

"Shemeji, rudi ndani," Zabron alisema. "Kaka hajazikwa, wewe unatetea majani?"

"Asubuhi aliyoanguka alikuwa anayamwagilia maji majani haya. Ng'oa lingine nikuone."

Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba amerukwa na akili, na wawili wakataka kutoka wamshike. Hasira zikanipanda, nikasimama mlangoni nikawazuia. Praxeda alipiga magoti na kanga zake za msiba, akaanza kufukua mchanga kwa vidole. Gari la maiti likapiga honi barabarani. Nilitamani asimame, maana watu wangemsema mpaka anaingia kaburini. Hakusimama.

Zabron alitazama barabarani, kisha akaitazama ile mizizi. Akaweka jembe chini, akapiga magoti upande wa pili.

"Inafukiwaje, shemeji?"

"Itandaze, usiikunje. Kina cha kiganja."

Zabron akachimba polepole, machozi yanamdondokea mikononi. Wanaume walikuwa wameshateremsha jeneza. Wakasimama nalo mabegani, wakamsubiri amalize.