Kilio cha Mpishi wa Angani

Watu wa siku hizi wakitaka kuangalia picha hulala kitandani na simu mkononi, kila mtu na yake, halafu wanasema wameburudika. Sisi tulienda Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, tukabanana juu ya mbao ndani ya ghala lililokuwa la viazi. Madirisha yalizibwa kwa shitingi nyeusi za plastiki, televisheni ikapandishwa juu ya makreti ya bia. Usiku hapakuwa na onyesho, kwa sababu miaka ile ya baada ya vita kila mtu alipenda giza limkute nyumbani kwake. Kando ya televisheni alikaa mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, na mikro, kipaza sauti chake, mkononi. Yeye ndiye aliyetugeuzia Kifaransa cha picha kuwa Kiswahili chetu.

Picha tuliyoipenda kuliko zote tuliiita Hoteli ya Juu. Jina lake la kweli lilikuwa refu na hakuna aliyehangaika nalo. Ilikuwa hoteli ndogo iliyojengwa juu ya jiwe linaloelea angani, katikati ya sayari mbili, na wafanyabiashara wa kila umbo walipita kulala pale. Kulikuwa na meneja mwoga, shemeji yake mvivu, mashini ya kutunza funguo iliyosema uongo bila sababu, na mtu wa duane, yaani ushuru wa mpakani, mwenye mikono minne, kila mkono ukipekua mfuko wa mgeni wake. Huyo wa duane ndiye aliyetuvunja mbavu. Sisi ni watu wa mpakani, tulivuka kwenda Goma asubuhi na kurudi na vitenge jioni, kwa hiyo tulimjua vizuri sana. Tofauti ilikuwa idadi ya mikono tu.

Halafu kulikuwa na mpishi, mwanamke mzee wa rangi ya kijani, kitambaa kichwani, aliyetokea mlangoni mwa jiko na mwiko, akasema maneno mawili na kurudi ndani. Wengine wote mjomba aliwatafsiri kwa uaminifu. Mpishi alimwongezea. Kama kwenye kaseti alisema mawili, mjomba alimpa ishirini, ya Kiswahili cha sokoni chenye Kinyarwanda ndani yake. Mgeni asiye na miguu alipokaa mezani muda mrefu, mpishi alimwambia, "Mugeni siku mbili, ya tatu tunamupa jembe." Ghala lote lilicheka. Mimi siku ile ya kwanza sikucheka, kwa sababu sauti iliyotoka kwenye mikro ilikuwa ya bibi yangu.

Bibi alibaki Masisi, milimani ng'ambo ya Goma, tulipovuka mpaka kuja huku. Alisema ng'ombe wake hawaijui njia ya Gisenyi na yeye hawezi kuwaacha na watu wasiojua kuwaita. Tulipokwisha kupata nyumba huku, alikuja mchunga ng'ombe mmoja, jirani yetu wa zamani, akatuambia kwamba bibi alifariki wakati wa mvua na waliokuwa naye walimzika huko huko mlimani. Mjomba alimpa chakula, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Kaburi yake uliiona?" Yule mtu akasema hapana, aliambiwa. Mjomba akamjibu kwamba basi amemchanganya na mwanamke mwingine.

Mjomba ndiye mwana mkubwa, na kwetu kilio hufunguliwa na mwana mkubwa. Asipokaa yeye, hakuna anayekaa. Mama alimwomba, akatuma wazee wamwombe, akamletea mpaka padri. Mjomba aliwasikiliza wote kwa adabu, akawapa kiti, na jibu likawa lile lile la kaburi. Kwa hiyo bibi akawa si hai wala si maiti, na mama akawa mtu wa kukaza kitambaa kichwani na kunyamaza. Kitu alichokitaka mama kuliko vyote ni kumlilia mama yake. Kila Jumamosi alikaa mstari wa nyuma ghalani, akaisikiliza sauti ile, akaondoka bila kumsemesha kaka yake. Niliwakasirikia wote wawili, na Jumamosi ilipofika nilikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Kaseti ya mwisho ya Hoteli ya Juu ilionyesha meneja akizima taa na kufunga mlango. Ilisemekana picha ile ilikuwa imechezwa miaka mingi huko ilikotengenezwa, na wenyewe walichoka. Sisi hatukuchoka. Tulizirudia kaseti zile mpaka picha ikaanza kunyesha mvua ya mistari, na watu waliyajua maneno kuliko sala. Ndipo mwenye ghala, mwanamume aliyerudi kutoka Uganda na ambaye alipenda kutukumbusha Kiingereza chake, akaja na habari kutoka Kampala: Hoteli imefunguliwa tena. Wameanza kuicheza upya, na kaseti inakuja kwa basi.

Ungedhani ametangaza uchaguzi. Kwa majuma kadhaa hapakuwa na mazungumzo mengine nje ya ghala. Kundi moja lilisema kilichofungwa kimefungwa, kwamba meneja sasa ni mzee, shemeji ameota kitambi, na kichekesho cha wazee kinahuzunisha. Aliyeongoza kundi hili ni mama mmoja muuza sambaza, wale dagaa wadogo, mtu wa ziwani, mwenye beseni lake daima pembeni na mdomo usioogopa mtu. Alisema mtu akifunga duka lake kwa amani, mwacheni apumzike, mbona mnataka kumtoa kitandani. Kundi la pili liliongozwa na mwenye ghala mwenyewe, na tulimwambia wazi kwamba yeye anatetea biashara. Hakukana. Lakini siku moja alisema neno ambalo halikuwa la biashara. Alisema sisi wenyewe, wa Kampala, wa Goma, wa Tanzania, wazazi wetu waliondoka nchi hii na tumerudi baada ya miaka zaidi ya thelathini, wengine tulikuwa hata hatujazaliwa. Nani alisimama mpakani kutuambia tumechelewa, tubaki tulikokuwa?

Muuza sambaza alifikiri kidogo, akasema wapo waliotuambia hivyo, na majina yao anayo. Tukacheka, ubishi ukaendelea.

Mjomba, ambaye kila mtu alingoja maoni yake, hakuwa na maoni. Aliuliza swali moja tu, kama mpishi yumo. Mwenye ghala akasema kaseti hajaiona.

Siku ilipofika, ghala lilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Picha ilikuwa safi, rangi zake nzito, na kila aliyetokea alipokelewa kwa vigelegele na kutaniwa kwa mvi zake. Mtu wa duane alibaki na mikono yake minne, tukashukuru. Tatizo lilikuwa lugha. Kaseti hii ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha mjomba kilikuwa cha kuombea maji. Alipoelewa alitafsiri, asipoelewa alitunga, na kusema kweli hatukuona tofauti kubwa.

Kisha wote wakakusanyika mezani. Kulikuwa na stuli moja tupu karibu na mlango wa jiko. Meneja aliinua kikombe kuelekea ile stuli, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, na mashini ile ya uongo ikazima taa zake. Mjomba alishusha mikro. Halafu akatuambia kwamba wanamngoja mpishi, ameenda sokoni na amechelewa. Na kutoka nyuma ya ukuta wa jiko, mahali ambapo hapakuwa na mtu, ikaja sauti ya bibi: "Ninakuya, mutulie, viazi haiyaiva."

Watu walicheka kwa furaha ya kumpata. Kutoka mlangoni mwenye ghala alisema, bila ukali, kwamba sivyo walivyosema, wamesema yule mama amekufa. Mjomba aliendelea na kazi yake.

Kaseti ya pili ilikuja, na ya tatu, na katika zote mpishi alisema kutoka nyuma ya ukuta bila kuonekana. Alikaripia wageni, alimwita shemeji mvivu, aliuliza nani amemaliza chumvi. Ubishi wa nje sasa ukawa mwingine kabisa. Hakuna aliyejali tena kama Hoteli ilistahili kufunguliwa. Swali lilikuwa mpishi yu hai au la. Vijana waliosoma Uganda walisema Kiingereza hakina siri, amekufa. Wa Goma walisema mtu ambaye sauti yake inasikika hawezi kuitwa marehemu. Nilikuwa wa upande wa Goma kwa kuzaliwa, na nilibishana upande wa Goma kwa nguvu zangu zote, nikijua kabisa sauti ile inatoka wapi. Nilitaka iendelee. Sikumfikiria mama hata kidogo.

Mwenye ghala hakuwa mtu mbaya. Jumamosi moja picha ilipokwisha alimfuata mjomba nje, mbele yetu, akamwambia kwa heshima, "Mzee wangu, watu wanataka picha yenyewe. Picha inasema amekufa."

Mjomba alikuwa akizungusha waya wa mikro mkononi. "Kaburi yake uliiona?"

"Hapana. Lakini hii ni picha, mzee."

"Basi, kama hukuiona, muache apike."

Mama alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Alijifunika mdomo kwa kitenge, akashika njia ya nyumbani peke yake. Walioijua habari yetu waliinamisha vichwa. Muuza sambaza alikuwa miongoni mwao, maana aliuza samaki mlangoni kwetu na alijua kilichomkausha mama. Aliweka beseni chini, akajifuta mikono, akamtazama mjomba mpaka naye akalazimika kumtazama.

"Mi nilipoteza batu na sikuona kaburi hata moja," alisema. "Kaburi haiko lazima. Kilio njo lazima. Siku ya Mungu, nyuma ya misa, tunamukalia huyu mupishi kilio hapa. Halafu muendelee na picha yenu."

Vijana walifikiri ni mzaha, na kwa mzaha walikubali. Mjomba alibeba mikro yake akaondoka.

Jumapili mbao zilitolewa nje zikapangwa uani. Televisheni ilibaki ndani, imefunikwa. Mtu alileta kidumu cha mvinyo wa ndizi, mwingine akaleta mawe ya kutelekea sufuria. Mama alikuwa amechemsha maharage tangu alfajiri, sufuria kubwa isiyo ya watu wa nyumba moja, na nilipomwuliza ni ya nani akaniambia nilete kuni. Vijana walikuja wakisukumana na kuchekeana. Mmoja alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kama mpishi, na muuza sambaza alimvua kwa mkono wake mwenyewe. Tulikaa. Ilionekana kwamba mjomba hatakuja, na mimi moyoni nilisema afadhali.

Alikuja watu walipokwisha kuanza kunywa. Alikuwa amevaa koti. Akapewa nafasi ya mbele, na kwa kuwa ndiye aliyemjua mpishi kuliko wote, akaombwa aseme neno juu ya marehemu. Alisimama. Akaanza kwa sauti ile, akiwakaripia wageni kwa kuja mikono mitupu, na watu wakacheka kama Jumamosi yoyote. Aliendelea kidogo. Kisha sauti ikakatika, akakohoa, na aliposema tena alikuwa yeye mwenyewe.

"Alibakia Masisi na ng'ombe tatu," alisema. "Nilimuambia nitamurudilia. Mama yangu alikufa."

Wanaume walivua kofia. Vijana wale wa mzaha walitazamana, wakaelewa wamekaa wapi. Kisha nilisikia mlio nyuma yangu ambao sikuwahi kuusikia, na ulikuwa wa mama. Alilia kwa nguvu zote alizoziweka miaka ile yote, na muuza sambaza akaenda kukaa naye chini, wakalia pamoja, kila mmoja na watu wake. Mwenye ghala ndiye aliyegawa maharage. Hakukaa chini hata mara moja siku ile.

Tulimaliza siku za msiba nyumbani, kwa utaratibu wake, na watu wa ghalani walikuja kila siku. Mjomba akarudi kwenye mikro, na Hoteli ikaendelea bila mpishi. Wageni walilalamika juu ya chakula, sisi tukacheka, ingawa si kama zamani. Kama mtu anataka maoni yangu leo, haikustahili kufunguliwa tena. Lakini nisingependa isifunguliwe.

Siku moja baada ya hapo, mama alikuwa uani akimenya viazi nami, na mjomba akipigilia mguu wa kiti. Mama akasema, bila kuinua kichwa, kwamba ile sauti ya mikro haikuwa ya mama yao hata kidogo. Mama yao alisema polepole na chini-chini, ilibidi umsogelee. Mjomba akaacha nyundo. Akasema dada yake alizaliwa mwisho, alimkuta mzazi amekwisha kuchoka, lakini yeye alimjua angali na nguvu, akiita ng'ombe kutoka kilima kingine na wanakuja. Mama akasema mwongo. Mjomba akasema mwongo ni wewe. Walibishana vile kwa muda mrefu, kama washabiki, na katikati ya ubishi mama akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo upande wa kushoto.

Wakanigeukia niamue. Nilifumba macho nimsikilize bibi. Nililala naye kitanda kimoja mpaka nikawa msichana mkubwa, na sauti yake nilidhani nimevuka nayo. Nilingoja. Aliyekuja masikioni mwangu alikuwa mjomba na mikro yake, wala nyuma yake hapakuwa na mtu mwingine.

Nikamwambia mama kwamba yeye ndiye amesema kweli, ingawa sikuwa na hakika tena. Kisha nikashindwa kujizuia nikalia, na mama akanishika bega kwa mkono wenye maji ya viazi, akaniambia kwa upole kwamba siku za kulia zimekwisha.