Siku Niliyojibiwa "Oya"

Jamani, aibu ya siku ile bado inanichoma mpaka leo, ila ngoja niseme tu, mnicheke yaishe.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakimiminika Kigoma, mimi mtoto wa Temeke nilikwenda kujitolea kwenye hospitali moja ya kambi, mbele ya Kidahwe, hospitali ya mahema ambako glavu zilifuliwa na kuanikwa kambani. Nilikuwa mdadisi hasa, kila neno la Kirundi naliuliza, naliandika kwenye kidaftari: amahoro ni amani, urakoze ni asante, umwana ni mtoto (neno la kukataa sikuwahi kuuliza, labda nilidhani mtu anayejitolea hakataliwi).

Basi Sista Edna, muuguzi wetu, Muha wa Kasulu asiyecheka ovyo, akaniambia kuna mtoto wa miaka mitatu, Yvette, malaria imemmaliza damu, na benki ya damu hatuna. "Kimbia kamlete mama yake, tuone kama damu yake inafaa. Mchukue Mzee Zakaria akutafsirie." Mzee Zakaria alikuwa nyuma ya jiko anakula. Nikasema moyoni, nimsumbue mzee wa watu kwa swali moja tu? Si nina kidaftari!

Nikaingia hema la kusubiria, nikaita, "Mama Yvette!" Mwanamke wa benchi la mbele, kajifunga kitenge kuanzia kidevuni hadi utosini, akainua macho.

"Wewe ndiye mama Yvette?"

"Oya," akajibu kwa shida, mdomo haufunguki.

Sasa kwetu "oya" ni vijana wanavyoitana kijiweni, nikashangaa, kumbe hata kina mama wa huku wamo! Nikamjibu kwa furaha, "Oya, mama, twende!" nikamshika mkono. Tukavuka uwanja mzima hivyo, yeye "oya!" mimi "oya!", yeye anavuta huku mimi navuta kule, watu wa foleni hawana mbavu, na mimi (mjinga mkubwa) nawapungia mkono nikidhani wamenipenda.

Ndani, Sista alipomshika kidole amchome apime damu, yule mama alipiga yowe, kitenge kikafunguka, shavu limevimba kama andazi. Alikuwa amekuja kung'olewa jino.

"We kaka!" Sista akaniwakia. "Oya ni hapana! Amekukatalia mara ngapi?"

Nilitamani ardhi inimeze, na pale kitandani Yvette anapumua kwa shida, midomo imekuwa myeupe. Nikatoka mbio kumwita Mzee Zakaria. Mama Yvette mwenyewe tukamkuta benchi la nyuma la hema lile lile. Damu yake ikafaa, na jioni mtoto akaomba uji, ndipo nikapumua.

Lakini udadisi haukuniacha. Nikamwomba Mzee amuulize mama Yvette, aliposikia anaitwa, mbona hakuja? Mzee akamsikiliza, akanitazama kwanza kabla ya kutafsiri.

"Anasema alisimama. Ila alikuona unamkimbiza mwenzake, akadhani mtoto wa mwenzake ndiye yuko hoi zaidi. Akaona si vizuri kuwapita, akakaa."

Tangu siku ile, neno nisilolijua silijibu mpaka niulize, hata watu waniite mshamba.