Kidole cha Mama Mukwe

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi katika maabara ndogo hapa Kisangani. Mama mukwe wangu alikuwa na ng'ombe wawili nyuma ya nyumba yake, njia ya Kapalata. Ni mtu wa Kivu. Kwake, nyumba bila maziwa si nyumba.

Ng'ombe mmoja akaugua kiwele. Upande wa chuchu moja ulivimba ukawa wa moto, maziwa yakatoka na mabonge. Niliyachukua kidogo kwenye kichupa, nikayapaka juu ya sahani yenye damu, nikaiacha kwenye joto hadi kesho yake.

Asubuhi vidoa vya rangi ya dhahabu, makundi ya vijidudu, vilikuwa vimeota, kila kimoja kimezungukwa na duara angavu pale kilipoyeyusha damu. Nilivitazama muda mrefu, kama mtu anayetazama mto. Baba yangu alikuwa mvuvi wa maporomoko. Utotoni nilikuwa nalala juu ya mawe, nikigusa ute wa kijani usiobanduka hata maji yavume vipi. Vijidudu hivi navyo hujijengea ute ndani ya kiwele, dawa ikapita juu yake bila kuvifikia. Nilipovitia kwenye maji ya damu ya sungura, yaliganda. Hujifunika damu iliyoganda kama shuka, mwili usivitambue.

Ndipo nikakumbuka kitambaa kwenye kidole gumba cha mama mukwe. Alikuwa amejikata, na bado alikuwa anakamua. Kwetu mtu hamgusi mama mukwe wake, kwa hiyo mke wangu ndiye aliyepangusa kidonda kwa pamba. Niliipaka kwenye sahani nyingine, na siku ya pili nikaona dhahabu ileile, na duara lilelile.

Nilimwambia mama mukwe, nikiangalia chini, kwamba vijidudu vya kidole chake na vya ng'ombe ni vilevile. Akauliza, "Donc ni mimi nilimupatia ugonjwa?"

"Ao yeye ndiye alikupatia, mama. Sijui."

"Bon. Mutoto wangu atakamua. Mimi nitamushika tu kichwa."

Kwa majuma kadhaa, mke wangu akikamua, alisimama hivyo kila asubuhi, mkono usio na kidonda shingoni mwa ng'ombe, amefumba macho, nisijue kama alikuwa anasali au anasinzia. Ule upande wa kiwele ulikauka, haukurudi. Chuchu tatu ziliendelea kutoa maziwa.

Kidole kilipopona, aliniita mimi, si binti yake, nimshikie beseni la maji ya sabuni. Akaosha mikono polepole, kisha chuchu moja moja, akaketi kukamua.