Mashini ya Kushona kwenye Barabara ya Walikale

Jumanne ya pili ya mwezi wa nane, mwaka 1968, saa tatu na robo asubuhi, Mademoiselle alisimamisha motokari yake mbele ya nyumba yetu Kibabi na kupiga honi mara mbili. Mara moja ingetosha. Mama na mimi tulikuwa tumesimama mlangoni tangu saa mbili, na mashini ya kushona iko katikati yetu, imevingirishwa ndani ya blanketi na kufungwa kamba kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Mashini ile ilikuwa ya Mama. Dada yangu mkubwa, aliyeolewa Walikale, alifiwa na mume wake mwaka uliotangulia, akabaki na watoto wawili wa kike na shamba dogo la mihogo. Kushona alikuwa anajua kuliko hata Mama. Njo sababu Mama akasema: "Mimi niko na maharage yangu, siwezi kukosa chakula. Yeye, ile mashini njo itamulisha." Dada alikuwa amekwisha kupokea vitambaa vya uniforme za watoto kumi na watano, ziwe tayari kabla masomo hayajaanza Septemba. Kilichokosekana ni mashini tu.

Mimi nilitumwa kuifikisha kwa sababu Mademoiselle, mwalimu wetu wa Kifaransa na jeografia, alikuwa anaenda Walikale wakati wa vakansi ya shule kumtembelea mwenzake wa nchi yao, na alihitaji mtu wa kumtafsiria njiani. Kati ya wanafunzi wote alinichagua mimi nisiyesema. Labda alifikiri mtu asiyesema hatamchosha.

Mama aliniinamia dirishani. "Usiiondolee macho. Hata ukienda kujisaidia, uende na macho moja, ingine ibakie hapa."

"Ndiyo, Mama."

"Na useme! Mwalimu hawezi kusoma ndani ya kichwa yako."

Mademoiselle alikuwa na karatasi iliyopigwa mashini, aliyopewa mjini na watu wa kwao, kwa ajili ya wageni wanaoendesha katika nchi yetu. Aliibandika juu ya kioo, kwenye kibao cha kuzuia jua. Alinisomea yote kwa sauti ili nami nijue. Milango ifungwe kwa ufunguo. Vioo vipandishwe penye watu wengi. Mfuko ukae chini ya kiti, usikae juu ya magoti. Mafuta yajae kabla ya kuondoka. Usiendeshe baada ya saa kumi na mbili za jioni. Usisimame kwa mtu anayepunga mkono. Usibebe mtu usiyemjua. Kitu kikiziba njia, usishuke, rudi ulikotoka.

Niliiona ni karatasi nzuri. Mambo ya mafuta na ya saa, hata Papa anayafuata, na yeye ameendesha kamyo ya mizigo tangu kabla sijazaliwa. Lakini Papa alikuwa na jambo moja ambalo ile karatasi haikuwa nalo. Ni habari ya kantonye.

Kantonye ni mtu wa kutengeneza barabara. Kila mmoja ana kipande chake: anafukia mashimo, anakata majani, anafungua mifereji. Anashinda pale kutwa, kwa hiyo anajua nani amepita na nini kimetokea. Madereva wetu wana desturi nao. Kantonye akisimamisha beleshi wima, bamba likiwa juu, njia ni nzuri, pita. Akililaza juu ya mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto, maana yake simama uje uulize. Dereva anasimama, anasalimia, anatoa chumvi kidogo ao tumbako, anapewa habari. Nilijifunza hayo siku moja nilipopanda na Papa mpaka Pinga. Alisema, "Usipouliza kantonye, utauliza mashimo."

Tulipita Masisi-centre karibu saa tano, tukapita Nyabiondo. Vumbi lilikuwa jingi, na vioo vimefungwa, tulitoka jasho kama watu walio ndani ya chungu. Makantonye wawili wa kwanza walisimamisha beleshi wima. Mademoiselle hakuwaona hata. Aliniuliza jina la kila mlima, nami nikamjibu jina tupu, bila kuongeza neno.

Pale barabara inapoanza kuteremkia msitu, kantonye wa tatu alikuwa amesimama kwenye kona. Mzee mwembamba, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alipotuona alililaza beleshi juu ya mikono yake, akasogea mpaka nusu ya barabara.

Niliona. Naandika hapa wazi: niliona vizuri, na nilijua maana yake.

Mademoiselle alisema kwa Kifaransa, "Hatusimami," akakanyaga mafuta. Mzee aliruka pembeni. Nilisikia kelele yake nyuma yetu, halafu vumbi likameza kila kitu.

Nilitaka kusema. Nikaanza kutengeneza maneno kichwani. Lakini mwanafunzi anamwambiaje mwalimu kwamba karatasi yake imesahau kitu? Na kama angeniuliza mbona sikusema tangu kwa kantonye wa kwanza? Nikajiambia nitasema tukifika kwenye kona ifuatayo. Tukaipita. Nikajiambia kwenye ile nyingine. Kona zikaisha, daraja likatokea.

Ni daraja dogo tu, magogo makubwa na mbao juu yake, na mto mwembamba chini. Katikati mbao tano hazikuwepo. Mademoiselle alisimama. Kabla hajazima motokari, wanaume wawili walitoka kwenye majani. Mmoja alikuwa na koti la askari lisilo na kifungo hata kimoja, mwingine kofia ya majani. Walikuwa wanacheka kama watu wa nyumbani.

"Jambo, Mama! Jambo, Mademoiselle! Pole na safari," yule wa koti alisema. "Daraja imeharibika. Lakini musiogope, sisi tuko hapa. Tutatengeneza mbio mbio."

"Ila motokari iko muzito," yule wa kofia akaongeza. "Tutoe vitu kwanza, ivuke tupu. Vitu tutavusha juu ya kichwa."

Nilitafsiri. Maneno yenyewe yalikuwa na akili. Hata Papa huwa anashusha mizigo mbele ya daraja dhaifu, na watu wa pale wanamsaidia. Mademoiselle alitazama karatasi, akatazama daraja, akashusha kioo kidogo.

"Wanaonekana watu wema," alisema. "Wewe, unaonaje?"

Hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza ninaonaje. Huwa wananiuliza ninajua nini. Nikatazama mbele. Zile mbao tano zilikuwa kwenye majani upande wetu, zimepangwa moja juu ya nyingine kama sahani. Mbao zilizovunjika hazijipangi. Hilo nalo niliona, nikasema:

"Sijui, Mademoiselle."

Akawapitishia ufunguo mdogo wa kofri, sanduku la nyuma la motokari. Karatasi haikuwa imesema chochote juu ya ufunguo wa kofri.

Walifungua nyuma. Wakatoa valizi ya nguo za Mademoiselle, wakatoa kifuko cha maharage ambacho Mama alimpelekea dada, halafu wakatoa mashini na kuiweka kando ya njia. Ilitua kwa kishindo.

"Hii ni kitu gani? Iko muzito kama mufu," yule wa kofia alisema.

"Uliza ule mutoto."

"Ule hasemake. Iko bubu."

"Si alisema Kifaransa sasa hivi?"

"Aah, ile ni kasuku. Mwalimu anafungua, anasema; mwalimu anafunga, ananyamaza."

Wakacheka sana. Hakuna aliyegusa ubao hata mmoja. Yule wa koti akaja kwenye dirisha langu, akagonga kwa kidole. "Eh, kasuku. Mwambie Mademoiselle atoke sasa, na wewe utoke. Muache na ufunguo ndani. Sisi tutavusha motokari."

Hapo nikaelewa kwamba walitaka na motokari yenyewe, na sisi tubaki chini. Ningeweza kusema, sawa, lakini turudishieni kwanza mashini. Nilifikiria hivyo kweli, kwa kitambo kidogo kama cha kupepesa macho. Halafu Kifaransa kikanitoka kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuijua: "Mademoiselle, ni wezi! Rudi nyuma! Rudi sasa!"

Hakuuliza kitu. Kumbe alikuwa anajua kuendesha kinyumenyume kuliko mbele. Kofri lilikuwa limebaki wazi, likimzibia kioo cha nyuma, basi nikashusha dirisha langu, nikatoa kichwa, nikawa namwambia: kushoto, kushoto, sasa kulia. Yule wa koti alikimbia nasi hatua kadhaa akipiga bati la motokari kwa kiganja.

"Eh! Bubu anasema! Bubu anasema!"

Wa kofia hakukimbia. Alikuwa amekwisha kuinua mashini begani. Blanketi la nyumbani kwetu, lile lenye mistari myekundu, njo kitu cha mwisho nilichoona kabla ya kona.

Hatukurudi mbali. Yule mzee kantonye alikuwa anateremka mbio, nyuma yake wanaume wawili na wanawake wenye majembe waliotoka shambani. Alisimama mbele yetu, akahema, kisha akaanza kutugombeza.

"Mimi nililaza beleshi hivi! Hivi! Muko vipofu? Tangu jana wale bantu wanatoa mbao. Nikirudisha, wanatoa. Nimeita huyu Mama, nimeita, yeye ananimwangia vumbi tu!" Halafu akanielekea. "Na wewe, mutoto. Yeye ni mugeni, hajui. Wewe ni wa hapa. Haukuona?"

Nilitazama miguu yake.

"Anasema nini?" Mademoiselle aliuliza.

"Anasema pole," nilijibu.

Neno lile moja nimeliandika ndani ya kaye yangu ya shule na kulifuta mara tatu. Sasa naliacha hivyo hivyo.

Wale watu walishuka nasi hadi darajani. Wezi walikuwa wamekwenda, na mashini, na valizi. Maharage yalikuwa yamemwagika njiani, maana kifuko kilipasuka, na mwanamke mmoja akayaokota akinipa kiganja kwa kiganja mpaka sketi yangu ikajaa. Mbao zilirudishwa upesi, zilikuwa nzima. Mademoiselle alikuwa na pakiti ya chumvi ndani ya kikapu cha chakula. Alimpa mzee yote, na mzee akacheka, kwa sababu hakuna anayetoa yote. Akamweleza kwa vidole habari ya madaraja yaliyobaki: mawili mazuri, moja la kupita polepole.

Tulifika Walikale kabla ya saa kumi na mbili. Dada alikuwa ameweka meza chini ya dirisha penye mwanga. Alikuwa ameifuta. Alikuja mpaka kwenye kofri, akatazama ndani, akatazama hata pembeni.

"Iko wapi?"

"Wezi," nilisema.

Alinishika mabega. "Uko muzima. Njo ya maana."

Majirani walikuja kutupa pole. Kila mtu alisema wezi, wezi, dunia imeharibika, nami nikakubali na kila mtu. Dada aliwapa viti, akasimama yeye mwenyewe, mgongo ukiwa umeegemea ile meza.

Kesho yake asubuhi Mademoiselle alikuja saa moja kutoka kwa mwenzake, alikolala, kutusalimia. Nilimfuata kwenye motokari nikamwambia yeye kwanza, kwa Kifaransa. Maneno ya Kifaransa hayaniumizi sana, labda kwa sababu niliyakuta shuleni. Nilimwambia beleshi lina maana gani, kwamba niliona, kwamba niliona na mbao pia, na kwamba mzee hakusema pole.

Hakunigombeza. Aliniomba nichukue fagio nimwonyeshe: wima, kisha limelazwa. Akachora vyote viwili chini ya karatasi yake, akiwa ameiweka juu ya bati. Halafu akauliza:

"Na dada yako, anajua?"

"Hapana."

"Mimi siwezi kumwambia," alisema. "Sijui Kiswahili."

Dada alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Nilisimama, nikasema yote bila kutengeneza kichwani kwanza.

"Uliona?"

"Niliona."

"Na ukanyamaza."

"Ndiyo."

Kisu kiliendelea kumenya mpaka ndizi ile ikaisha. "Wewe, hata ulipoungua na kaa la moto ukiwa mutoto, tulijua kwa harufu," alisema. Hakucheka, nami sikucheka. Aliosha mikono, akaingia ndani. Nilimsikia akivuta kitu. Aliponiita, vitambaa vya uniforme vilikuwa juu ya meza, vyote vimekwisha kukatwa, na juu yake sindano mbili.

"Kaa. Pindo za chini ni zako."

Nilitia uzi, nikaanza sketi ya kwanza. Niliishona mpaka jua likafika kizingitini. Dada aliichukua, akaigeuza upande wa ndani, akafumua nusu, akanirudishia. Nikatia uzi tena.