Viatu vya Masika

Mimi ndiye niliyemponza Kahambu. Tunafanya kazi pamoja katika nyumba ya wazee huko Berchem-Sainte-Agathe, hapa Ubelgiji. Tunawaogesha, tunawalisha, wengine wanatutukana, na kwa miaka tisa yote hajawahi kuniambia neno kuhusu alivyotoka Kivu. Mimi Sidonie ni mtu wa Lubumbashi, mdomo wangu hauna breki. Mwanamume mmoja ambaye mama yake analala ghorofa ya pili aliniambia anatengeneza filamu na anatafuta kisa cha mtoto mkimbizi. Nikampeleka kwa Kahambu moja kwa moja, mjinga mimi, naye akakubali kumsimulia.

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana, katika ukumbi karibu na Chaussée d'Ixelles. Msichana wa miaka minane anakimbia vita kutoka Butembo hadi mpaka wa Uganda, peke yake, amevaa viatu vikubwa vinavyomvuka kila hatua. Hata jina ni lile lile, Kahambu. Anapopakiwa kwenye lori na kuvuka mpaka, nililia mpaka wigi likaenda upande. Watu wakasimama kupiga makofi. Kahambu alikaa tu, mkoba magotini, kana kwamba anasubiri zamu yake kwa daktari.

Maswali yalipoanza, Kahambu ameshatambulishwa kuwa ndiye mwenye kisa, mzee mmoja aitwaye papa Éliézer aliinuka nyuma.

"Maman, pardon. Filme ni muzuri, nimelia. Mais miye ni Munande kama weye. Kwetu jina inaonyesha mutoto ni wa ngapi, na binti wa kwanza habamuite Kahambu. Donc, dada yako mukubwa alikuwa wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ndivyo watu wa nyumbani wanavyoulizana habari za familia. Ukumbi mzima ukamgeukia Kahambu.

"Nilikuwa wa kwanza, papa," akasema. "Nilikuwa peke yangu."

Mzee akaomba msamaha, akaketi.

Ndani ya basi sikumuuliza kitu, na kwangu hiyo ni kazi kubwa. Akaanza mwenyewe. Dada yake aliitwa Masika, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Viatu vilikuwa vya Masika. Lori lilipofika ilibaki nafasi ya mtu mmoja tu. Masika akavua viatu, akamvisha mdogo wake, akamnyanyua juu na kumwambia atapanda lori litakalofuata. Hakuonekana tena.

"Alors, sababu gani ulimuficha?"

"Lori ilipoondoka nilifurahi, Sidonie. Nilipata fasi ya kuikala. Sikuangalia hata nyuma."

Kwa hiyo alipofika Ubelgiji na kuulizwa alisafiri na nani, aliona haya, akasema peke yake. Akalirudia jibu hilo kwa kila mtu, kwa mumewe, kwa watoto wake, na kwa yule mtu wa filamu niliyempelekea mimi. Ningejua, ningefunga mdomo wangu.

"Muambie arudilie ile filme," nikamwambia.

"Imekwisha. Batu bamekwisha kuiona."

Nilitafuta la kumfariji. Nikamwambia basi aweke picha ya Masika sebuleni, watoto wamjue mama yao mkubwa. Tukapita kituo chetu, na hakuna aliyebonyeza kengele.

"Picha gani? Nyumba yetu iliungua. Hakuna picha ya Masika hata moja mu dunia. Ile filme njo ingekuwa picha yake, na ni miye nilimutoa mule."